Kioo janja, jirani wa ghorofani na jua la saa kumi: kisa cha sebule moja Dodoma

Kisa hiki ni cha familia moja ya Dodoma iliyonunua kioo janja, kile kinachogeuka cheupe au angavu kwa kubonyeza swichi, ikitaka mambo mawili: isionekane na jirani, na sebule ipoe. La kwanza lilipatikana kwa kiasi kikubwa. La pili halikupatikana, na kwa miezi kadhaa sebule ikawa na joto kuliko kabla ya kununua. Niliitwa baadaye kama mshauri wa majengo, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya maelezo nimeipata kwa wenye nyumba, kwa fundi, na kwa kuangalia kazi yenyewe ikiwa dirishani. Majina, mtaa na kila cha kuwatambulisha wahusika nimeviondoa.

## Nyumba, dirisha na jirani

Nyumba ipo katika mitaa mipya ya mashariki ya jiji, ile iliyojaa haraka baada ya serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Mume ni mtumishi wa umma aliyetoka Dar es Salaam, mke ana duka la nguo, wana watoto watatu, na wanaishi na mama mzazi wa mume. Huyu nitamwita bibi, kama watoto wanavyomwita. Ni Mgogo aliyekulia kwenye tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, na mwanga unaingia mlangoni na kwenye tundu dogo.

Ramani ya nyumba ilinunuliwa ikiwa tayari imechorwa. Ilipofika kiwanjani iligeuzwa ili sebule itazame barabara, na barabara iko magharibi. Nyumba nyingi hupangwa hivyo; uso unafuata geti, jua halimo kwenye hesabu. Dirisha la sebule lina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.8, fremu ya aluminiam, kioo cha kawaida cha milimita 5. Lina vipande vitatu: cha katikati kimetulia, vya pembeni vinasukumwa. Nje kuna grili.

Mwanzoni ng'ambo ya barabara palikuwa kiwanja kitupu chenye michongoma, na nyuma yake unaona vilima. Kisha jirani akajenga ghorofa moja lenye baraza juu, na baraza hilo likawa linatazama moja kwa moja kwenye makochi. Uzio wa nyumba una kimo cha mita mbili, kwa hiyo mpita njia haoni ndani, ila aliyeko juu anaona sahani mezani. Bibi aliacha kukaa sebuleni. Alihamia kwenye korido ya jikoni na kigoda chake, na alipoulizwa alijibu kwa ufupi kwamba hawezi kula akitazamwa.

## Walivyojaribu kwanza

Walianza na tinti, ile stika inayong'aa kwa nje ambayo mafundi wa magari huibandika pia kwenye madirisha ya nyumba. Mchana ilifanya kazi. Usiku mambo yakageuka, kwa sababu stika ya namna hiyo humficha aliye upande wenye mwanga mdogo. Taa za sebuleni zikiwaka na nje kukiwa giza, familia nzima ilikuwa jukwaani, na wao wenyewe wakitazama dirishani waliona sura zao tu. Mke aligundua hilo siku aliyorudi dukani usiku na kutazama nyumba yake kutoka nje.

Wakabandua tinti, wakaweka pazia zito juu ya shia, lile pazia jepesi la kupitisha mwanga. Pazia lilimaliza suala la kuonekana, likaleta taa za mchana na hewa nzito. Watoto walilifungua kila lilipofungwa. Ugomvi mdogo wa kila siku juu ya pazia ndio uliowapeleka dukani kutafuta kitu cha kisasa.

## Mauzo

Muuzaji, ambaye yuko mji mwingine, alikuwa na kipande cha mfano kwenye kaunta: kioo cha ukubwa wa daftari, waya, swichi. Ukibonyeza, kinakuwa angavu. Ukizima, kinakuwa cheupe kama maziwa. Mume alivutiwa papo hapo. Alikuwa ameshasafiri kwa Dreamliner ya Air Tanzania na kuona dirisha la ndege likififia kwa kitufe, na muuzaji alimthibitishia kwamba teknolojia ni ile ile.

Si ile ile, na kisa kizima kimejengwa juu ya mkanganyiko huo. Dirisha la Dreamliner, yaani Boeing 787, ni la aina ya elektrokromiki. Katika familia hiyo ya vioo, tabaka jembamba la kemikali (iliyozoeleka zaidi ni oksidi ya tangsteni) hubadilika rangi pale umeme mdogo wa volti chache unaposukuma chembe kuingia ndani yake. Kioo kinakuwa cha samawati iliyoiva, polepole, na kinapunguza kweli mwanga na joto la jua linalopita. Lakini hakikufichi, bado ni kioo cha kuonea, kimekuwa cheusi tu. Wazo hilo lilianza kuonyeshwa na mwanafizikia Satyen Deb mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani.

Kile kilichokuwa kwenye kaunta ni PDLC (kifupi cha Kiingereza cha polymer-dispersed liquid crystal), iliyoendelezwa miaka ya 1980, sehemu kubwa katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Ni karatasi ya plastiki yenye vitone vidogo sana vya fuwele miminika, aina ya vitu vilivyomo kwenye skrini za saa na runinga. Umeme ukiwa umezimwa, fuwele zimelala kila moja upande wake na mwanga unatawanyika, ndiyo unaona weupe. Umeme wa volti kama 60 ukipita, fuwele zinajipanga na mwanga unanyooka. Neno la kushika hapo ni kutawanyika. Mwanga unatawanywa, na sehemu kubwa yake inaendelea na safari kuingia ndani. Macho ya jirani yamezuiwa. Joto la jua limezuiwa kidogo sana.

Muuzaji alisema inazuia joto. Sidhani alidanganya kwa makusudi. Vipeperushi vya bidhaa hizi huandika faragha na joto kwenye mstari mmoja, na yeye alisoma alichopewa. Mke ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote siku ile: umeme ukikatika inakuwaje? Jibu lilikuwa sahihi. Ukikatika, kioo kinabaki cheupe, yaani kinakosea kwa upande wa sitara. Jibu hilo moja zuri liliwafanya wasiulize la pili.

## Uamuzi wa kununua na sababu zake

Walikuwa na njia mbili: kuagiza kioo kipya ambacho karatasi hiyo imebanwa katikati ya vioo viwili, au kununua karatasi yenye gundi ya kubandika kwenye kioo kilichopo. Walichagua ya kubandika, ambayo mafundi wanaiita stika ya umeme. Sababu zilikuwa za kueleweka. Kioo cha kubanwa ni kizito, kingehitaji fremu mpya, na kingepasuka njiani nani angelipa? Stika inakuja imeviringishwa kwenye bomba la katoni.

Walibandika vipande vyote vitatu vya dirisha. Hapo ndipo ningesimama kama ningekuwepo. Vipande viwili kati ya vile vinasogea, na kitu kinachosogea chenye waya ni kazi nyingine kabisa.

Suala la umeme lilifikiriwa vizuri. Stika za namna hii hutumia wati chache tu kwa mita ya mraba. Kwa karibu mita nne za mraba ni kama wati 20, pungufu ya robo ya uniti moja ikiwaka saa kumi na mbili. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haikuwa tatizo hata siku moja. Ila wengi hawajui kwamba inakula umeme ikiwa angavu, si ikiwa nyeupe, kwa hiyo anayependa kutazama nje ndiye anayelipia.

## Ufungaji

Fundi alikuja mwezi Agosti. Ni msimu wa upepo Dodoma, na vumbi jekundu hupenya hata chini ya mlango uliofungwa. Alimwaga maji sakafuni, akaloweka kanga na kuitundika mlangoni, akafunga feni. Msaidizi wake, kijana wa hapa anayebandika tinti, alishika chupa ya maji ya sabuni tayari kupulizia kioo kama alivyozoea. Fundi alimzuia kwa sauti. Stika hii hubandikwa kavu, kwa sababu maji yakiingia ukingoni yanaiharibu. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kuitelezesha na kuirekebisha, ikigusa imegusa. Kila punje ya vumbi iliyonaswa ilibaki na kiputo chake, na ukisimama karibu na kipande cha kushoto bado unavihesabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo nailoni ndiyo itakayomzuia mtu asituone?"

"Ndiyo bibi. Ukizima swichi, hakuoni mtu."

"Na jua?"

"Na jua, bibi. Kampuni imesema."

Makosa mawili ya kazi yaliingia siku hiyo. La kwanza ni silikoni. Kando ya stika kuna utepe mwembamba wa shaba unaopeleka umeme kwenye karatasi yote, na ukingo ule hufungwa kwa silikoni kuzuia unyevu. Fundi alitumia iliyokuwa kwenye boksi lake, ile yenye harufu kali ya siki ikiwa inakauka. Harufu hiyo ni asidi, na asidi hula shaba. Inatakiwa ile isiyo na asidi, ambayo madukani ipo na bei haitofautiani sana.

La pili ni waya. Vipande vya kusukumwa vilipewa waya uliokunjwa kitanzi ili ufuate dirisha linapofunguka. Kitanzi kilining'inia jirani na reli ya chini.

## Miezi ya kwanza

Kwa kuonekana, mchana kazi ilikuwa safi. Jirani alitoweka. Usiku palijitokeza jambo ambalo kipande cha kaunta hakikuweza kulionyesha. Jioni moja mke aliingia getini na kumwona mama mkwe wake kwenye kioo cheupe, kivuli kitupu, akijifunga upya kanga kiunoni. Alikuwa amesimama karibu na dirisha na taa ilikuwa ukuta wa nyuma, hivyo hata upindo wa kanga ulionekana. Alipopiga hatua mbili tatu kurudi ndani, kivuli kikatawanyika kikapotea. Hivyo ndivyo stika hii ilivyo: kinachokaribia kioo huonekana umbo lake.

Hili walilitatua wenyewe, na kwa akili nzuri. Walihamisha taa kutoka ukuta wa nyuma na kuiweka juu ya dirisha lenyewe. Mwanga ukitoka upande wa dirisha kwenda ndani, vivuli vya watu huangukia ukuta wa nyuma, na kioo kwa nje kinabaki weupe mtupu. Gharama ilikuwa waya na fundi umeme wa mtaani.

Tatizo la waya lilichukua muda kidogo zaidi. Kipande cha kulia kiliposukumwa, kitanzi kikabanwa na gurudumu, kipande kikafa na transfoma inayolisha stika umeme ikaunguza fyuzi. Fyuzi ikabadilishwa, waya ukafungwa gundi, na baba wa nyumba akatoa amri kwamba madirisha yale yasifunguliwe tena. Hakuna aliyebisha, kwa sababu kulikuwa na sababu nyingine ambayo kila mmoja alishaiona bila kuisema: dirisha likifunguliwa, kioo janja kinakwenda pembeni na jirani anarudi. Stika hufanya kazi dirisha likiwa limefungwa tu.

Oktoba ikafika. Oktoba hadi Desemba, kabla mvua hazijashika, ndiyo miezi ya joto Dodoma. Sebule ikawa haikaliki kuanzia saa tisa alasiri. Wakanunua feni ya pili. Feni ikazungusha hewa ile ile. Mume akaanza kuulizia bei ya kiyoyozi, na muuzaji mmoja wa viyoyozi, ambaye namsifu kwa hili, alimwambia amtafute kwanza mtu wa majengo aangalie lile dirisha.

## Vipimo na jaribio la turubai

Nilikwenda alasiri, saa ambayo tatizo lilikuwepo. Kivulini nje palikuwa na nyuzijoto 31. Sebuleni, stika ikiwa nyeupe, 33. Kiti kilichokuwa kinapigwa na ule mwanga mweupe kilikuwa cha moto kwa kiganja, na hilo peke yake lilitosha kumwonyesha mume kwamba jua linapita.

Hesabu yenyewe si ngumu. Saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, anga likiwa safi, ukuta wa magharibi Dodoma hupokea takriban wati 600 za jua kwa kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida hupitisha karibu asilimia 80 ya joto hilo. Kwa dirisha la mita nne za mraba unapata karibu wati 2,000, sawa na kuacha pasi mbili zikiwaka sebuleni kila alasiri. Kiyoyozi alichokuwa anakiulizia, cha BTU 12,000, huondoa wati kama 3,500. Zaidi ya nusu ya nguvu yake ingeishia kupambana na dirisha moja.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Maana yake jua la adhuhuri liko juu sana mwaka mzima, linaelemea kaskazini Juni na kusini Desemba, na paa lililochomoza kidogo hulizuia. Jua gumu ni la asubuhi na la jioni, lililo chini, linaloingia chini ya paa na kutembea hadi ukuta wa pili. Dirisha kubwa likiangalia magharibi linapokea lile baya kuliko yote, kwa sababu linakuja nyumba ikiwa imeshapata moto wa mchana kutwa.

Jambo la tatu ni upepo. Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Katika nyumba hii upepo ulikuwa unaingia madirisha ya vyumba vya nyuma na kutokea dirisha la sebule. Kulifunga dirisha la magharibi kulikuwa kuziba njia ya kutokea. Ndiyo maana sebule ilikuwa mbaya kuliko kabla ya stika, ingawa stika yenyewe haikuongeza joto lolote. Na usiku, saa ambayo hewa ya Dodoma hushuka karibu na nyuzi 20 au chini yake hata msimu wa joto, na ingeosha nyumba bure, dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya jirani.

Badala ya kueleza sana niliomba turubai. Alasiri nyingine tulilifunga nje, kutoka kwenye ukingo wa paa hadi kwenye vigingi viwili ardhini, likiwa limeinama mbele ya dirisha, tangu saa nane. Vipande vya pembeni tukavifungua vyote viwili, waya ukishikiliwa na kibanio cha nguo. Kufikia saa kumi na moja sebule ilikuwa na nyuzi 30, na pazia la korido lilikuwa linapepea kwa ndani.

Bibi alikuja na kigoda chake na kuketi. Sikuwa nimefikiria hilo; nilikuwa nimeleta kipimajoto kwa ajili ya joto. Yeye alitazama juu, akaona turubai, akauliza kama yule wa juu bado anaona. Hakuwa anaona. Jua la jioni na jirani wa ghorofani wote walikuwa wanatokea juu, upande ule ule, na kilichomzuia mmoja kilimzuia na mwingine.

"Kwetu ukuta ndio ulikuwa nje na jua," alisema. "Ninyi jua mnalikaribisha kwanza, ndipo mnalitafutia pazia."

## Uamuzi wa pili

Tulikuwa na mambo matano mezani. Kiyoyozi kilikuwa kitapoza, lakini kwa kulipia kila alasiri joto ambalo tumeliruhusu wenyewe, na dirisha lingebaki limefungwa daima. Kioo cha elektrokromiki kilikuwa jibu halisi la ndoto ya mume, dirisha la ndege, ila kingeagizwa nje ya nchi kikiwa na vidhibiti vyake, hapa hakuna wa kukitengeneza, na usiku kisingemficha mtu. Kioo cha kuakisi joto kingesaidia mchana, kikarudisha tatizo la tinti usiku. Mke alipendekeza kupanda mwarobaini, na ulipandwa, kwa kuwa Dodoma mwarobaini hauna deni. Lakini mti ni suala la miaka.

Walichagua mbao za kivuli nje ya dirisha. Fremu ya mabomba ya pembe nne, sentimita 60 kutoka ukutani, na ndani yake mbao zilizolala, kila moja na upana wa sentimita 10, zimeinamishwa nyuzi 45 kuelekea chini na nje, kutoka moja hadi nyingine sentimita 7.5. Vipimo hivyo vina sababu. Kwa mwinamo na nafasi hiyo, mstari wowote unaotoka juu zaidi ya nyuzi tatu au nne hivi hukutana na ubao. Jua la saa kumi halipiti. Macho ya barazani hayapiti. Anayekaa ndani anaona kwa chini: ua, mwarobaini mchanga, geti. Vilima havionekani, lakini vilima vilishafunikwa na ghorofa.

Nafasi ya sentimita 60 watu hupenda kuipunguza ili kuokoa chuma. Isipunguzwe. Mbao zinapata moto, na hewa ya moto inahitaji mahali pa kupanda kabla haijaingia dirishani. Tena lazima mtu apite na fagio, maana vumbi linakaa juu ya kila ubao.

Vipande viwili vya kusukumwa vilibanduliwa stika. Haikutoka nzima, kwa hiyo haikuweza kutumika bafuni kama mke alivyotarajia. Kipande cha katikati, kisichosogea, kilibaki na stika yake. Ukingo ulikwanguliwa silikoni ya zamani na kufungwa upya kwa isiyo na asidi.

## Matokeo

Sebule sasa hukaa nyuzi moja au mbili chini ya ilivyokuwa kabla ya stika, na tatu hivi chini ya ilivyokuwa na stika na madirisha yakiwa yamefungwa. Haijawa baridi. Bati na dari ya jipsamu isiyo na kizuia joto juu yake bado vinaleta moto wao, na hiyo ni kazi ya mwaka mwingine. Kiyoyozi hakikununuliwa. Madirisha ya pembeni yanalala wazi nyuma ya grili na wavu wa mbu.

Mbao zimeleta shida yake. Zilikuwa paini iliyotiwa dawa, kutoka Mafinga, na hewa kavu ya hapa ilizipinda kadhaa kabla rangi ya pili haijapakwa. Zilizopinda zinaachia mwanya ambao jua la saa kumi na moja hulipata bila kukosea. Tatu zimebadilishwa kwa mabomba bapa ya chuma, na fundi anasema angeanza na chuma tangu mwanzo.

Kioo janja cha katikati kinatumika usiku, wageni wakiwa uani, kwa sababu aliyesimama chini karibu na nyumba anaweza kuona kupitia mwinamo wa mbao. Kina ukingo mweupe wa upana wa kidole upande wa chini, pale asidi ilipokuwa imeshaanza kazi, ambao haung'ari tena hata swichi ikiwashwa. Haukui.

## Nini kilifaa, nini hakikufaa

Stika yenyewe ilifanya kile inachoweza kufanya. Nalisema kwa sababu baada ya kisa hiki mume alikuwa tayari kuitangaza kuwa ni utapeli, na si utapeli. Katika chumba chenye kioo kisichofunguka, ambacho hewa yake inashughulikiwa kwa njia nyingine, ni kitu kizuri: chumba cha mikutano, chumba cha daktari, kizigeu cha bafu. Ofisi mpya za Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, zenye kuta za vioo na viyoyozi ni mahali pake. Nyumba ya kupanga au ya kujenga inayopozwa kwa madirisha wazi si mahali pake, na nyumba nyingi za Dodoma ni za namna hiyo. Bidhaa ilibuniwa kwa ajili ya dirisha lililofungwa, ikauzwa kwa watu wanaoishi kwa kulifungua.

Kosa kubwa lilifanyika kabla ya pesa kutoka: matatizo mawili yaliwekwa kwenye sentensi moja, "tunataka kioo cha faragha na ubaridi", na aliyekuja na kitu kimoja akaonekana ameyajibu yote. Kama wangeyatenganisha, wangemwuliza muuzaji swali la joto peke yake, na jibu lingetafutwa nje ya ukuta. Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia; pazia, stika ya ndani na shia vinaligeuza kuwa joto la chumbani. Kinachosimama nje ndicho kinachoacha joto lake nje.

Kuhusu gharama, stika ya vipande vitatu ilizidi fremu, mbao, rangi na ufundi kwa pamoja, na si kwa kidogo. Kama mbao zingetangulia, sidhani stika ingenunuliwa, labda kipande kimoja cha katikati. Mke haoni hivyo. Anasema bila kipande kile cheupe wasingeweza kukaa sebuleni usiku na wageni uani, na yeye ndiye anayeishi pale.

Jaribio la turubai lilifaa kuliko hesabu zangu. Liligharimu alasiri moja na kamba, na lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitafuta. Anayefikiria kununua kitu cha dirishani anaweza kulifanya kabla: shuka la rangi nyeupe nje ya dirisha kuanzia saa nane, dirisha likiwa wazi, kisha siku inayofuata shuka lile lile ndani na dirisha limefungwa.

Na kwa anayeamua kununua stika ya umeme, mkataba uandikwe mambo ambayo familia hii haikuandika: kwamba itabandikwa kavu, kwamba silikoni ni isiyo na asidi, kwamba hakuna kipande kinachosogea, na transfoma ya akiba inauzwa na nani. Ya kwao ilikuja moja. Ikifa, kioo cha katikati kitabaki cheupe mpaka nyingine iagizwe.